Posta ikigoma tena, mizigo yangu niipeleke kwa nani?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa Kitanzania ninayeishi Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, na kwa miaka kadhaa sasa ninauza kwa njia ya intaneti vitenge, kanga, viungo vya pilau na vikapu vya milulu vinavyotoka Iringa. Wateja wangu wengi ni wenzetu wanaozungumza Kiswahili, yaani Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi waliotawanyika Calgary, Winnipeg, Toronto na Ottawa, na wachache wako katika miji midogo ya kaskazini walikofuata kazi. Ni biashara ndogo ninayoiendeshea katika chumba cha chini cha nyumba yetu, lakini ndiyo inayolipa ada ya chuo ya mtoto wetu wa kwanza.

Mgomo wa posta ulipoanza katikati ya Novemba 2024, mizigo yangu mingi ya msimu wa Krismasi ilikuwa imekwisha kupokewa, ikakwama njiani hadi mgomo ulipomalizika. Baadhi ya wateja walitaka fedha zao, nikawarudishia. Mizigo ilipowafikia baada ya sikukuu, wako walionilipa tena bila kuombwa, na wako walionyamaza mpaka leo, nao ni watu tunaokutana katika harusi na misiba. Mgomo mwingine ulipozuka Septemba 2025 sikusubiri. Nilihamishia kila kitu kwa kampuni moja binafsi ya kusafirisha vifurushi, na kwa kweli mizigo ilifika haraka, lakini ankara ya mwisho wa mwezi ilikuja na nyongeza ambazo sikuwa nimezihesabu, na kwenye vikapu nikawa nimefanya kazi bure. Isitoshe, mizigo kadhaa ilirudishwa kwangu kwa sababu wateja walikuwa wameniandikia sanduku la posta.

Sasa nyumbani hatuelewani. Mume wangu anasema tuachane na posta kabisa, na ana mpango wake: binamu yake husafiri kwa gari kila wiki kati ya Edmonton na Calgary, kwa hiyo abebe mizigo yetu, na pia akusanye barua na bili za wafanyabiashara wenzetu wa hapa na kuzifikisha Calgary kwa dola moja kila barua. Mimi ninaona kwamba posta bado ni nafuu kwa wateja wa mbali na sitaki kuiacha. Halafu kuna jambo linaloniumiza moyo. Kaka mmoja Mkongo tunayesali naye ni mfanyakazi wa posta, na alikuwa miongoni mwa waliosimama nje na mabango kwenye baridi. Siku aliponiona ninapakua mizigo mbele ya ofisi ya kampuni nyingine alinisalimu kwa ufupi akapita, nami nimebaki na hisia kwamba nimemsaliti. Nifanyeje posta ikigoma tena?

Ni mimi,
Mama Vitenge, Edmonton

Dada yangu Mama Vitenge,

Wewe na shemeji mnabishana kuhusu posta kana kwamba mizigo yote mnayoituma ni ya aina moja. Kitenge kinachokwenda Calgary na kikapu kinachokwenda mji wa kaskazini havina sababu ya kusafiri kwa msafirishaji mmoja, wakati wa mgomo au wakati wa amani. Ushauri wangu wote unatokana na hapo: msafirishaji achaguliwe kwa kutazama mzigo na anwani unakokwenda, na uchaguzi huo ufanyike mapema, wakati posta inafanya kazi.

Nianze na vikapu, kwa sababu ndivyo vilivyokula faida yako. Kampuni za vifurushi hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake. Hupima pia urefu, upana na kimo cha sanduku, hukokotoa kinachoitwa uzito wa ujazo, kisha hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Kampuni kubwa kama UPS na FedEx huzidisha vipimo hivyo kwa sentimita na kugawanya kwa 5,000. Chukua sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 30: ujazo wake ni 36,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 7.2. Hata kama kikapu kilichomo ndani hakifikii kilo mbili, utalipia kilo 7.2, yaani unalipia hewa. Posta nayo hutazama ujazo, kwa hiyo kurudi posta hakutaondoa tatizo hili moja kwa moja. Dawa iko kwenye upakiaji na uuzaji. Vikapu vya milulu hufumwa kwa ukubwa tofauti na huingiliana kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo viuze kwa seti ya vitatu au vinne, jaza tumbo la kile cha ndani kwa vitenge au pakiti za viungo, na utafute sanduku linalokibana kikapu kikubwa bila kuacha nafasi pembeni. Anayetaka kikapu kimoja tu aelezwe bei halisi ya kukisafirisha, na akiona ni ghali, ana haki ya kughairi.

Kitenge hakina shida hiyo. Yadi sita zikikunjwa vizuri na kubanwa katika mfuko wa plastiki wa kusafirishia mizigo hazibebi hewa, na ujazo wake hauwezi kuupita uzito kwa kiasi cha kukutia hasara. Hii ndiyo bidhaa unayoweza kuihamisha kutoka kwa msafirishaji mmoja kwenda kwa mwingine bila kubadilisha bei sana.

Nyongeza ulizozikuta kwenye ankara zina majina yanayojulikana, ingawa kila kampuni huziandika kwa namna yake: nyongeza ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka, nyongeza ya kufikisha mzigo kwenye nyumba ya kuishi badala ya ofisi au duka, nyongeza ya maeneo ya mbali, malipo ya saini ya mpokeaji, na malipo ya kurekebisha anwani iliyokosewa. Hiyo ya nyumba za kuishi ndiyo inayowaumiza wauzaji wadogo, kwa sababu wateja wenu karibu wote wako majumbani. Unapoomba bei, usiulize bei ya kilo. Mpe mwakilishi wa kampuni anwani tatu za kweli, moja ya Calgary, moja ya Toronto na moja ya kaskazini, pamoja na vipimo kamili vya mzigo, kisha udai jumla yenye kila nyongeza ndani yake. Uliza pia kama mteja anaweza kuchukua mzigo wake kwenye duka au kituo cha karibu, kwa maana mara nyingi njia hiyo huondoa nyongeza ya nyumba ya kuishi, na mtu anayerudi kazini jioni huona afadhali kupita dukani kuliko kukuta karatasi mlangoni inayosema hakupatikana.

Sasa kuhusu wakati. Shemeji huenda anafikiri kwamba kampuni binafsi zipo siku zote zikisubiri kuwapokea, lakini mgomo wa 2024 ulionyesha vinginevyo. Wafanyakazi wapatao 55,000 wa Canada Post waligoma tarehe 15 Novemba, na kazi ikaanza tena tarehe 17 Desemba baada ya serikali ya shirikisho kuingilia kati kupitia bodi ya mahusiano ya kazi. Ulikuwa msimu wenye mizigo mingi kuliko mwingine wowote. Kufikia mwishoni mwa Novemba, Purolator na UPS walikuwa wamesitisha kwa muda kupokea mizigo ya baadhi ya kampuni za kati zinazokusanya vifurushi vya wauzaji wadogo, kwa sababu maghala yao yalikuwa yamezidiwa. Wenye mikataba waliendelea kuhudumiwa, na waliokuja mbio wiki ile walipanga foleni. Kwa hiyo fungua akaunti sasa katika kampuni mbili, na kila mwezi tuma kwa kila moja mizigo michache, ili jina lako liwe kwenye vitabu vyao kama mteja wa kawaida na wewe mwenyewe uzijue tabia zao. Moja iwe kampuni kubwa ya taifa zima, na nyingine iwe ya usafirishaji wa mijini, mfano wa Intelcom au UniUni, ambazo huwa nafuu kwa mizigo midogo kati ya miji mikubwa, mradi uhakikishe kwanza kwamba zinapokea mizigo ya wauzaji wa kiwango chako na zinafika kwa wateja wako.

Katika kuchagua hizo mbili, zingatia kwamba Purolator inamilikiwa na Canada Post yenyewe kwa asilimia 91. Wafanyakazi wake wana chama kingine, Teamsters, na mkataba mwingine, kwa hiyo mgomo wa posta hauwasimamishi kazi, lakini mwaka 2024 chama hicho kilitangaza kwamba wanachama wake hawatagusa mzigo wowote uliotokea posta. Maana yake ni kwamba mzigo uliokwisha kuingia posta haukuweza kuokolewa kwa kuuhamishia huko. Ulibaki ulipo, kama wako ulivyobaki. Swali lako la kwanza tetesi za mgomo zinapoanza liwe hili: ni kitu gani nimekwisha kukikabidhi ambacho hakitafika kabla ya siku ile?

Na siku ile huijui kwa uhakika. Wengi wanaamini kwamba sheria ya kazi ya Kanada inawapa wafanyabiashara saa 72 za kujiandaa, kwa kuwa chama kinapaswa kutoa notisi ya saa hizo kabla ya kugoma. Mwaka 2024 ndivyo ilivyokuwa, notisi ilitolewa tarehe 12 Novemba na mgomo ukaanza tarehe 15. Lakini tarehe 25 Septemba 2025, serikali ilipotangaza mabadiliko makubwa ya posta, yakiwemo ya kuondoa huduma ya kufikisha barua mlangoni kwa takriban anwani milioni nne, wafanyakazi walitoka kazini siku ileile. Hawakuhitaji notisi mpya, kwa sababu tangu Mei walikuwa tayari katika hatua za mgomo, kwanza wakikataa kazi za ziada, baadaye wakikataa kusambaza vipeperushi vya matangazo. Kuanzia tarehe 11 Oktoba mgomo ukageuka wa zamu, mji huu leo na mwingine kesho, jambo ambalo kwa muuzaji ni gumu zaidi kulipangia kuliko mgomo wa nchi nzima. Basi kipimo chako kisiwe notisi. Mazungumzo ya mkataba yanapovunjika, au wafanyakazi wanapoanza kukataa kazi za ziada, acha kupeleka posta mzigo wenye tarehe, kama kitenge cha sare ya harusi, na endelea kupeleka ule usio na haraka.

Wateja wa kaskazini ni suala tofauti, na hapa ninakuunga mkono wewe dhidi ya shemeji. Posta ina wajibu wa kuifikia kila jumuiya ya nchi ile, na hufikia anwani zaidi ya milioni 17. Kampuni binafsi hazina wajibu huo. Kwenda mji mdogo wa kaskazini hutoza nyongeza kubwa, hazifiki kabisa, au huikabidhi posta sehemu ya mwisho ya safari, na hapo mgomo unakukuta tena ukidhani umeuepuka. Ukiachana na posta kabisa utakuwa umeachana na wateja hao. Waambie waziwazi, kabla hawajalipa, kwamba wakati wa mgomo watachagua kusubiri au kulipa gharama kamili ya ndege, na uwape bei hiyo palepale.

Kuhusu sanduku la posta, tatizo linatokana na mazoea yetu ya S.L.P., ambayo huko nyumbani ndiyo anwani ya mtu. Kampuni binafsi kwa kawaida haziwezi kufikisha mzigo kwenye sanduku la posta. Kwenye fomu yako ya mauzo weka sehemu mbili, anwani ya barua na anwani ya mahali mtu anapoishi, pamoja na namba ya simu, na usikubali oda isiyo na hiyo ya pili. Wateja wa zamani waandikie sasa kuomba anwani zao, maana ukisubiri mgomo utakuwa unatafuta simu za watu usiku huku mizigo imejaa sebuleni.

Nije kwenye mpango wa binamu. Nauelewa unakotoka. Dar es Salaam hadi Mbeya, au Nairobi hadi Kisumu, mtu huukabidhi mzigo ofisi ya basi, huandika jina na simu ya mpokeaji, na kesho yake umefika. Kanada ya magharibi nayo ilikuwa na kitu kinachofanana na hicho hadi tarehe 31 Oktoba 2018, Greyhound ilipoondoa karibu mabasi yake yote katika majimbo ya huko pamoja na huduma ya vifurushi, na pengo lile bado linaonekana. Kwa hiyo kubeba vifurushi vyenu Edmonton hadi Calgary, mwendo wa kilomita 300 hivi, si wazo baya hata kidogo. Posta haina haki ya peke yake juu ya vifurushi, na kama mna wateja wa kutosha Calgary, huenda hiyo ikawa njia nafuu kuliko zote. Jambo la kufanya kwanza ni binamu kumpigia mtu wake wa bima. Bima ya gari la kawaida mara nyingi haihusishi kubeba mizigo kwa malipo, na ajali moja njiani yaweza kumwachia deni asiloliweza. Kisha kila mzigo upigwe picha, na mpokeaji atie saini, hata kama ni ndugu.

Barua, hapana. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Shirika la Posta la Kanada kinaipa Canada Post haki ya peke yake ya kukusanya na kufikisha barua nchini humo, na kifungu cha 15 kinataja yasiyohusika. Barua ya haraka inaweza kubebwa na tarishi binafsi iwapo malipo yake yanafikia angalau mara tatu ya stempu ya kawaida ya barua ya gramu 50. Dola moja haikaribii hapo. Bili inayohusu bidhaa na kusafiri pamoja nayo ndani ya kifurushi haina tatizo, na rafiki anayekufikishia barua yako kwa kuwa anapita njia hiyo havunji sheria. Kuifanya biashara kwa bei ya dola moja, tena na kuitangazia jumuiya nzima, ni kujitafutia kesi kwa faida ndogo mno. Wafanyabiashara wenzenu wenye bili za kutuma wanaweza kuzituma kwa barua pepe na kulipwa kwa uhamisho wa benki. Wengi wao wangepaswa kuwa wamekwisha kufanya hivyo.

Kaka yenu wa posta sasa. Kupeleka mzigo wako kwa kampuni nyingine wakati mahali pake pa kazi pamefungwa si kuchukua nafasi yake. Tangu tarehe 20 Juni 2025 sheria ya shirikisho inapiga marufuku waajiri walio chini yake, posta ikiwemo, kuingiza wafanyakazi wa badala wakati wa mgomo, na dereva wa kampuni nyingine anayefanya kazi yake ya kila siku hahesabiwi hivyo. Hata hivyo sitakuambia kwamba kimya chake hakina msingi. Kwa hesabu za posta yenyewe, sehemu yake katika soko la vifurushi ilishuka kutoka asilimia 62 mwaka 2019 hadi asilimia 29 mwaka 2023, na barua, ambazo mwaka 2006 zilikuwa bilioni 5.5, zilikuwa zimebaki takriban bilioni 2.2. Anajua kwamba kila mgomo huwafanya wateja wengine waondoke na wasirudi, naye ndiye anayebaki akihofia kazi yake. Zungumza naye. Mwambie kwamba una ada ya mtoto ya kulipa, kwamba mizigo yenye tarehe utaihamisha kila mgomo unapotokea, na kwamba mizigo isiyo na haraka na yote ya kaskazini itabaki posta. Kisha ufanye hivyo kweli, maana yeye ataona stempu zako kabla ya kusikia maneno yako.

Limebaki lile la fedha ulizorudisha. Kuzirudisha hakukuwa ukarimu mtupu. Kanuni za Alberta kuhusu mauzo ya intaneti, kama zilivyo za Ontario, kwa jumla humruhusu mnunuzi kuvunja mkataba ikiwa bidhaa haikufika ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyoahidiwa, na ikiwa hakukuwa na tarehe, siku 30 baada ya kununua. Mgomo wa 2024 peke yake uliipita mipaka hiyo. Kwa hiyo kuanzia sasa usiandike kwenye tangazo lako tarehe ya kufika ambayo huwezi kuilinda. Andika siku utakayoukabidhi mzigo kwa msafirishaji, na jina la msafirishaji huyo. Lakini aliyerudishiwa fedha na bado akapokea kitenge hana haki ya kubaki na vyote viwili. Mwandikie kila mmoja peke yake, si kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, ukitaja bidhaa na bei yake, na umpe njia mbili: alipe, au airudishe bila kushonwa kwa lebo utakayomtumia iliyokwisha kulipiwa. Asiyejibu baada ya ujumbe wa pili, mwache, mkutane harusini kama kawaida, na oda yake ijayo ilipwe na kupokelewa mkono kwa mkono.